Nyaya za runinga katika nyumba ya Buswelu: uchambuzi wa kisa kimoja

Nyumba inayochambuliwa hapa ipo Buswelu, wilayani Ilemela, kwenye mteremko wenye mawe makubwa kama ilivyo miinuko mingi ya Mwanza. Suala la runinga lilipoanza kujadiliwa, nami nikiwamo kwenye mazungumzo, boma lilikuwa limekwisha kupauliwa kwa bati, fundi umeme alikuwa amekwisha kutindua kuta kwa ajili ya taa na soketi, na mafundi wa plasta walikuwa wanasubiri kuitwa. Ni nyumba isiyo ya ghorofa, yenye urefu wa mita 18 kutoka kaskazini kwenda kusini na upana wa mita 11. Sebule ipo upande wa magharibi, na mbele yake kuna baraza pana lililofunikwa kwa slabu ya zege, linalotazama barabara na, kwa mbali, ziwa. Vyumba vinne vya kulala vimepangwa pande mbili za korido, na katikati ya korido kuna stoo ndogo isiyo na dirisha. Nyuma, upande wa mashariki, kuna mwembe mkubwa ambao matawi yake yamekwisha kufika juu ya bati, na mwenye nyumba alikataa katakata kuukata.

Mwenye nyumba ni mfanyabiashara wa samaki, mtu wa Mwaloni Kirumba, anayerudi nyumbani amechoka na kutaka kutazama mpira bila kusumbuliwa. Alihitaji runinga sehemu tano: sebuleni, chumbani kwake, chumba cha mama yake mzazi, chumba cha watoto na barazani. Dishi la Azam alikuwa nalo tayari kwenye nyumba ya kupanga na alitaka kuhama nalo. Dishi la DStv alikusudia kuliongeza kwa ajili ya ligi za Ulaya. Mama yake, ambaye hakosi taarifa ya habari ya saa mbili usiku, alitaka antena ya kawaida na king'amuzi chake, basi. Mkewe alikuwa na sharti moja tu, nalo lilikuwa zito kuliko mengine yote: madishi yasionekane kutoka barabarani.

Fundi umeme alikuwa na jibu. Madishi yote mawili yafungwe kwenye ukuta wa mashariki, chini ya ukingo wa paa, yajifiche nyuma ya nyumba. Waya wa kila dishi uingie darini na kuzunguka nyumba nzima, ukishuka chumba cha watoto, kisha cha bibi, kisha cha wazazi, kisha sebuleni na mwisho barazani, na kila kituo kiwekewe splita, yaani kigawanyaji cha waya. “Bosi, hivi ndivyo tunavyofanya siku zote,” alisema, na kwa upande wa nyumba nyingi alizozifanyia kazi alikuwa anasema kweli.

Mpango huo haukuwa na kasoro ya ufundi wa mikono, kwani kazi yake ya taa ilikuwa safi na iliyonyooka. Kasoro ilikuwa mahali ulipoanzia. Ulianza na kuta za vyumba na sura ya nyumba, ukaliacha anga liwe jambo la mwisho, wakati katika kazi hii mambo hupangwa kwa kufuata njia ya mawimbi yenyewe: kwanza anga, kisha dishi, kisha mahali nyaya zote zinapokutana, kisha njia ya kwenda kila chumba. Runinga huja mwisho, kwa kuwa ndiyo pekee inayoweza kuhamishwa Jumapili mchana bila kuvunja ukuta.

Tuanze na mnyororo wa splita, kwa sababu ndio unaoonekana zaidi mitaani na ndio unaowachanganya wengi. Ukiutumia kwa antena, unafanya kazi, tena vizuri. Antena hukusanya chaneli zote zilizo angani kwa wakati mmoja na kuzishusha pamoja kwenye waya. Kila runinga au king'amuzi huchagua kinachotaka bila kuiambia antena chochote. Splita ya njia mbili hupunguza nguvu ya mawimbi kwa takriban desibeli 4 (desibeli ni kipimo cha kupanda na kushuka kwa nguvu hiyo), na ya njia nne kwa desibeli 7 hadi 8, lakini antena iliyoelekezwa vizuri huweza kuhimili upungufu huo. Mafundi wengi walijifunza kazi yao enzi za analojia, kabla mitambo hiyo haijazimwa Mwanza mwaka 2013, na siku hizo waya mmoja uliozunguka nyumba ulitosha kabisa. Mazoea yakabaki, teknolojia ikabadilika.

Dishi halifanyi kazi kama antena. Setilaiti za aina hii hurusha matangazo kwenye masafa ya gigahezi 10.7 hadi 12.75, ambayo waya wa kawaida hauwezi kuyafikisha mbali. LNB, kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, huyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150 ndipo huyatia kwenye waya. Hata hivyo mkanda mzima hauwezi kuenea katika nafasi hiyo, kwa hiyo umegawanywa sehemu nne: mawimbi ya wima na ya mlalo, na kila moja likiwa na nusu ya chini na nusu ya juu. Waya mmoja hubeba sehemu moja tu kwa wakati. King'amuzi ndicho kinachoiamuru LNB ilete sehemu ipi: volti 13 humaanisha wima, volti 18 humaanisha mlalo, na mlio wa kilohezi 22 unaopitishwa juu ya volti hizo humaanisha nusu ya juu.

Sasa weka splita na ving'amuzi viwili kwenye waya huohuo. Cha sebuleni kinaomba volti 18, cha watoto kinaomba 13. Waya hauwezi kubeba zote mbili, na kwa kawaida volti kubwa ndiyo inayoshinda. Matokeo yake ni tatizo linalojulikana sana na kueleweka kidogo: katuni za watoto hupotea kila baba anapobadilisha chaneli, kisha hurudi zenyewe. Watu hulaumu mvua, hulaumu king'amuzi, hupiga simu huduma kwa wateja, na fundi huja kubadilisha konekta. Konekta haina kosa. Splita nyingi, isitoshe, hupitisha umeme kwenye tundu moja tu, na mwenye bahati mbaya ni yule aliyeunganishwa kwenye tundu lisilopitisha, ambaye dishi lake huamka pale tu king'amuzi cha mwenzake kinapowashwa.

Kanuni inayofuata kutokana na hayo ni rahisi kuitamka: kila king'amuzi cha dishi kinachohitaji uhuru wake kinapaswa kuwa na waya wake usiokatika hadi kwenye tundu lake la LNB, au hadi kwenye kifaa maalumu cha kugawa kinachojua kuzipokea amri hizo. LNB zenye matundu mawili na manne zipo madukani. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye nyumba halikuwa anataka runinga ngapi, bali saa mbili usiku nani anatazama nini. Majibu yalipunguza kazi kwa kiasi kikubwa. Bibi yupo kwenye habari kwa antena. Watoto wanataka katuni. Sebuleni kuna mpira, wa Ligi Kuu au wa Ulaya. Chumba cha wazazi huwashwa baada ya sebule kuzimwa. Barazani, ambako majirani hukusanyika siku za mechi, kinachotazamwa ni kilekile cha sebuleni. Ving'amuzi vinavyohitaji uhuru ni viwili vya Azam na kimoja cha DStv, si kumi kama mtu angehesabu runinga tano mara madishi mawili. Na kwa kuwa kila king'amuzi kina malipo yake ya mwezi, hesabu hii haikuwa ya nyaya peke yake.

Baada ya hapo likaja suala la ukuta wa mashariki, na hapa ndipo kisa hiki kinapokuwa cha Mwanza hasa. Maelekezo mengi yanayosomwa kuhusu kufunga madishi yameandikwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, ambayo juu yake ndipo zinapokaa setilaiti hizi. Huko London, kwa mfano, dishi linalotafuta setilaiti iliyo nyuzi 28.2 Mashariki huinuliwa nyuzi 25 hivi tu kutoka usawa wa ardhi, na shida kubwa ni majengo ya jirani. Mwanza ipo karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta na nyuzi 32.9 Mashariki. Setilaiti ya DStv inayotumika huku ipo nyuzi 36 Mashariki, maana yake ipo karibu kabisa utosini: ukipiga hesabu unapata mwinuko wa takriban nyuzi 85, ikiegemea kidogo kaskazini mashariki. Ya Azam ipo nyuzi 7 Mashariki, ambayo kwa mtu wa Mwanza ni magharibi karibu kamili, kwenye mwinuko wa nyuzi kama 60.

Namba hizo mbili zilitosha kuuangusha ukuta wa mashariki. Dishi la Azam likifungwa pale lingetazama magharibi, yaani lingetazama bati la nyumba lenyewe. Dishi la DStv lingekuwa na hali mbaya zaidi, kwani kwenye mwinuko wa nyuzi 85 mstari wa kuona hupanda mita moja huku ukisogea pembeni sentimita 9 tu. Ukingo wa paa hilo unatokeza sentimita 60 kutoka ukutani. Dishi lenye upana wa sentimita 80 au 90 lingelazimika kukaa lote nje ya ukingo huo, jambo ambalo mkono wa kawaida wa kufungia dishi ukutani hauliwezi. Hata kama lingewezekana, maji ya bati wakati wa masika yangemwagika moja kwa moja juu ya LNB, na juu ya yote hayo umetanda mwembe. Majani mabichi yenye maji ni kizuizi kikubwa kwa mawimbi ya masafa haya. Mti ulio kando hausumbui dishi la DStv, lakini mti ulio juu yake hulimaliza.

Jambo jingine linalowapotosha hata mafundi wazoefu ni umbo la dishi lenyewe. Madishi ya kawaida ya nyumbani hayatazami kule yanakoonekana kutazama: uso wake huonekana umeinama nyuzi ishirini na kitu chini ya mahali linapolenga kweli. Dishi la DStv lililofungwa sawasawa hapa Mwanza huonekana limeegemea nyuma tu, na mpita njia hawezi kudhani kwamba linalenga utosini. Ndiyo maana kukadiria kizuizi kwa macho, kwa kusimama nyuma ya dishi la jirani na kufuata uelekeo wa sahani, huleta majibu ya uongo.

Mwinuko mkubwa una faida zake pia. Mawimbi yanayoshuka karibu wima hupita kwenye sehemu fupi ya mvua kuliko yanayokuja kwa mshazari, hivyo dhoruba ya Mwanza hukata picha kwa muda mfupi kuliko ambavyo ingekuwa kama setilaiti ingekuwa chini karibu na upeo. Jirani wa magharibi akijenga, hatishi: jengo lililopanda mita 8 juu ya usawa wa dishi la Azam lingehitaji kuwa ndani ya mita 4.6 ndipo lilizibe. Kwa kuwa kiwanja hicho kipo chini mteremkoni, hofu hiyo ilifutwa. (Kuna mkatiko mmoja ambao hakuna dishi linaloukwepa: siku za karibu na Machi 21 na Septemba 22, jua hupita nyuma ya setilaiti mchana na picha hupotea kwa dakika chache. Si wa kuitia fundi.)

Mahali palipofaa palikuwa juu ya slabu ya baraza, mbali na mwembe, upande uleule wa mbele ambao mke wa mwenye nyumba hakuutaka. Alilikataa wazo hilo mara ya kwanza, na alikuwa na haki, maana nyumba yake ndiyo itakayotazamwa na wapita njia miaka yote. Suluhu ilitoka kwenye hesabu ileile. Slabu ilikuwa bado haijazungushiwa ukuta mdogo wa pembeni uliokuwamo kwenye mchoro. Ukuta wa sentimita 70, kwa dishi linalotazama juu nyuzi 60, unahitaji umbali wa sentimita 40 tu ili usizibe chochote. Kwa dishi la nyuzi 85 hauna athari yoyote. Ukuta ukajengwa, vishikio vya madishi vikafungwa kwenye upande wake wa ndani kwa boliti zilizomwagiwa zege, wala slabu yenyewe haikutobolewa, kwa sababu tundu lolote la boliti juu ya slabu ni mlango wa maji. Kutoka barabarani, kwa kuwa barabara ipo chini ya usawa wa nyumba, hakionekani kitu isipokuwa fimbo ya antena, na hiyo mama mwenye nyumba aliivumilia kwa ajili ya mkwewe.

Mahali pa madishi palipopatikana, mahali pa kukutania nyaya palijitokeza penyewe: ile stoo ya katikati. Ni kavu, ipo karibu na kila chumba kwa umbali unaolingana, na haina kazi nyingine inayoshindana nayo zaidi ya mafagio. Likawekwa boksi kubwa la ukutani, soketi mbili za umeme, na tundu la hewa juu ya mlango. Kutoka slabu hadi stoo ni mita 12, na kutoka stoo hadi chumba cha mbali zaidi ni mita 14. Waya wa RG6, yaani ule wa kawaida wa dishi na antena, hupoteza takriban desibeli 20 kwa mita 100 kwenye gigahezi 1, na zaidi ya desibeli 30 kwenye megahezi 2150; kwa mita 26, upotevu hauvuki desibeli 9, kiasi ambacho LNB nzima hukimudu bila kikuza mawimbi. Vikuza mawimbi huuzwa sana kwa watu wasiovihitaji.

Fundi umeme alipinga hatua hii, na pingamizi lake lilikuwa la maana kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo. Paipu tano zikipita ukutani hadi stoo, alisema, atalazimika kutindua kwa mlalo kuta ambazo zimekwisha kuchimbwa kwa ajili ya umeme, na ukuta wa tofali za nchi sita hauwezi kuchimbwa pande zote ukabaki ukuta. Tukakubaliana kwamba paipu isipite kwa mlalo ukutani hata mahali pamoja: kila moja ipande wima kutoka kwenye boksi la chumba hadi darini, ifungwe kwenye kenchi, kisha ishuke stoo. Kikwazo kilichobaki kilikuwa lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Sehemu tatu alikuwa ameacha njia kabla ya zege kumwagwa, kwa bahati au kwa busara; chumba cha watoto hakikuwa nayo. Kukata lenta ili kupitisha paipu ya milimita 25 kungefikia nondo, na hakuna runinga inayostahili hilo. Paipu ya chumba hicho ikapita nje ya ukuta, kwenye kona litakapokaa kabati la nguo. Si ya kupendeza, lakini haitaonekana, na ni salama.

Ukubwa wa paipu ulijadiliwa kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili, ingawa sababu zake zinafaa kuelezwa. RG6 ina kipenyo cha karibu milimita 7. Paipu ya milimita 25 ina nafasi ya ndani ya milimita 21 au 22, na nyaya zikijaza zaidi ya sehemu nne kwa kumi ya nafasi hiyo, kuzivuta kwenye kona huwa ni kuzijeruhi. Kutoka slabu zinashuka nyaya tano, mbili za Azam, mbili za DStv ambazo moja ni ya akiba, na moja ya antena. Kwa hiyo ziliwekwa paipu mbili badala ya kuzisonga katika moja. Kila chumba kilipata paipu moja yenye RG6 mbili na kebo moja ya intaneti ya Cat6, na sebule ilipata mbili. Kebo ya Cat6 haikuombwa na mtu. Niliisisitiza kwa sababu runinga zinazouzwa sasa hutegemea intaneti kwa mambo mengi, na Wi-Fi inayopita kuta tatu za tofali za saruji huchoka njiani. Kona zote zilikunjwa kwa springi, bila elbo kali, kwa kuwa RG6 haipendi mkunjo wenye nusu kipenyo chini ya sentimita 7: ikivunjika umbo ndani, upotevu wake hauonekani kwa nje. Paipu za umeme na za mawimbi zilitenganishwa kwa sentimita 30 zilipokwenda sambamba, na zilipokutana zilikatana kwa pembe mraba.

Baraza lilitatuliwa kwa ukuta mmoja tu. Kwa kuwa picha yake ni ya sebuleni, kebo ya HDMI (ya picha na sauti) ya mita chache kutoka kwenye king'amuzi inatosha, mradi njia iwe pana. Kichwa cha HDMI hakipiti paipu ya milimita 25, hivyo ikawekwa ya 40. Paipu ya namna hiyohiyo iliunganisha boksi la chini la sebule, kitakapokaa kijimeza cha ving'amuzi, na boksi la nyuma ya runinga, lililowekwa mita 1.1 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi.

Nyaya zenyewe hazikuvutwa hadi plasta na rangi ya kwanza zilipokamilika. Kabla ya hapo kilichopitishwa ni kamba ya nailoni katika kila paipu, ili kuhakikisha kwamba hakuna iliyozibwa na saruji, na kila ukuta ulipigwa picha ukiwa na futi kamba pembeni. Siku ya kununua waya, sumaku ndogo ilikwenda dukani. RG6 nyingi zenye bei ya chini zina kiini cha chuma kilichopakwa shaba, na sumaku hukikamata. Waya huo si haramu. Mawimbi ya masafa makubwa hupita kwenye ngozi ya kiini, kwa hiyo picha haiathiriki sana. Lakini umeme wa LNB hupita kiini chote, na chuma huukinza mara nne au zaidi kuliko shaba. Kwa mita 26 tofauti hiyo peke yake haiui kazi. Ikiongezewa konekta iliyooza kwa unyevu, volti 18 huanza kusomeka kama si 18. Zilinunuliwa za shaba kwa madishi na za kawaida kwa antena. Konekta za juu ya slabu zilikuwa za kubana kwa koleo maalumu, zikafungwa tepu ya mpira, na kila waya uliachiwa mlegeo wa kuning'inia chini ya konekta ili maji yadondoke hapo badala ya kuufuata waya hadi ndani.

Radi isingeweza kuachwa iwe jambo la kufikiriwa baadaye. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na vyuma vilivyofungwa juu ya nyumba iliyo mteremkoni havihitaji kupigwa moja kwa moja ili kuunguza ving'amuzi vyote. Radi ya jirani inatosha. Vishikio vya madishi na fimbo ya antena viliunganishwa kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 16, ulioshuka nje ya nyumba kwa njia fupi iliyonyooka, na maganda ya chuma ya kebo zote yakaunganishwa pamoja kabla hayajaingia ndani. Fundi alipendekeza madishi yawe na fimbo yao ya ethi, inayopigiliwa ardhini, mbali na ile ya umeme wa nyumba. Pendekezo hilo huonekana la tahadhari, kumbe ni la hatari: fimbo mbili zisizounganishwa huwa na volti tofauti radi inapopiga, na tofauti hiyo hutafuta njia ya kukutana ndani ya king'amuzi, ambacho kimeshika waya wa dishi upande mmoja na soketi upande wa pili. Ethi ya nyumba lazima iwe moja, au zilizounganishwa ziwe moja. Hayo yote hayazuii pigo la moja kwa moja, na familia iliambiwa hivyo waziwazi. Mvua ya radi ikianza, kuchomoa plagi pamoja na waya wa dishi bado ni jambo la busara.

Mawe ndiyo yaliyochelewesha kazi. Fimbo ya ethi iligonga mwamba kabla ya kufika mita moja, ikahamishwa, ikagonga tena. Hatimaye fundi alichimba mtaro kuelekea bondeni, kwenye udongo mweusi wanakomwaga maji ya jikoni, akalaza waya wa shaba mtupu chini yake na kupigilia fimbo mbili fupi zilizounganishwa, kisha akapima kwa kifaa chake hadi aliporidhika. Mtaro huo ulipita mahali mama mkwe alipokusudia kupanda mchicha, na mazungumzo ya siku hiyo yalihamia huko.

Dishi la DStv halijanunuliwa bado. Mwenye nyumba anasubiri msimu mpya wa ligi. Boliti zake zimo ukutani, nyaya zake mbili zimefika stoo zikiwa na alama na vifuniko, na LNB yenye matundu mawili imefungwa kwenye dishi la Azam pekee. Watoto wakikua wakataka king'amuzi cha pili chumbani kwao, LNB hiyo itabadilishwa iwe ya matundu manne na waya mmoja zaidi utavutwa kwenye paipu ya slabu ambayo sasa ina nyaya mbili tu.